Dinamo Nne za Joram

"Chui, hapa Mnara. Mbona unamwacha?"

Specioza, Chui kwenye redio, alipunguza mwendo wa pikipiki yake, Boxer. Mbele, gari jeupe la umeme lilikuwa linapotelea kwenye vumbi la Kisaka.

"Sina haraka, Mnara."

"Ana kilo tisa za dhahabu chini ya kiti! Akivuka mpaka wa Sirari, basi tena."

"Havuki."

Kiunoni alikuwa na bastola, Glock. Mfukoni, dinamo ya baiskeli yenye kutu. Ya Nathan.

Nathan, mdogo wake, alikuwa fundi umeme mjini Mugumu. Mwezi uliopita Joram, mtorosha dhahabu, alimpelekea gari hilo alifungie dinamo nne magurudumuni, lijichaji lenyewe likitembea, asisimame popote. Nathan akakataa. Akageuza baiskeli yake magurudumu juu, akaigusisha dinamo kwenye tairi, akamwambia Joram azungushe pedali.

"Nzito, sivyo mzee? Taa inakula nguvu zako. Dinamo zako zitakula betri ileile inayozizungusha. Ng'ombe humlishi kwa maziwa yake mwenyewe."

Kisha akaona dhahabu chini ya kiti. Jioni alimpigia dada yake, akamsimulia yote.

Siku ya tatu maiti yake ilitolewa kwenye duara, shimo lililoachwa na wachimbaji. Dinamo ilikuwa bado mkononi mwake.

Fundi mwingine alizifunga zile nne.

Sikioni mwa Specioza, simu ya Joram iliyodukuliwa ikakwaruza; alikuwa anaongea na mwenzake.

"Gidion, nipo mteremkoni, asilimia za betri zinapanda! Kumi na moja. Kumi na mbili! Yule kijana alikufa bure." Kicheko.

Specioza akabana breki. Mkono ukaenda kwenye Glock wenyewe.

Akaurudisha.

Asilimia kumi na mbili. Mteremko hukurudishia sehemu ndogo tu ya ulichotumia kupanda. Na mbele kulikuwa na kilima cha Ringwani.

Kwao, mfuata nyayo hodari hawakimbizi ng'ombe wa wizi. Anakwenda kuwangoja mtoni. Lazima watakunywa.

"Mnara, leta polisi kileleni Ringwani."

"Atafika?"

"Nusu tu."

Alimkuta katikati ya kilima. Gari kimya. Akina mama wenye majembe wametoka shambani kutazama. Joram alikuwa anapiga gurudumu mateke.

Alipomwona, akachomoa bastola.

Risasi moja. Ya Specioza. Bastola ikarukia mtaroni, Joram akashika vidole vyake.

"Mura," Specioza akamwita kama kijana wa kwao, "mbona umesimama? Si linajichaji?"

"Dada, tuelewane. Chukua nusu ya mzigo."

Specioza akaweka dinamo yenye kutu juu ya boneti. Joram akaitazama.

"Wewe ni nani?"

"Dada yake Nathan."

Kidole cha Specioza kilikuwa kwenye kifyatulio. Kikabaki hapo.

"Binti," bibi mmoja akaita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo kakukosea nini?"

"Kamuua mdogo wangu."

Bibi akaegemea jembe lake, akamtazama Joram kuanzia viatu mpaka kofia.

"Basi asife haraka."

Specioza akavuta pumzi. Akashusha Glock.

"Sukuma."

"Nini?"

"Gari. Mpaka kileleni."

"Tani moja na nusu? Kilima chote hiki?"

"Ndiyo kazi betri yako ilikuwa inafanya."

Joram akaweka bega. Gari likapanda shubiri moja, likamrudia kifuani. Akasukuma tena. Likarudi tena. Akina mama wakapiga vigelegele.

Land Cruiser ya polisi ilipoteremka, alikuwa amepiga magoti, analia kwa kwikwi. Specioza akachukua dinamo, akaifuta kutu kwa kanga ya kiunoni, akaenda kwenye pikipiki yake.

"Chui, hapa Mnara. Mshukiwa yuko wapi?"

"Katikati ya kilima," akasema, akiwasha Boxer. "Anachaji."