Picha Iliyopewa Mwaka Mzima

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Fundi alipogundua kwamba picha ya mdogo wake imeongezeka uzito.

Ijumaa aliipunguza mwenyewe, ikabaki na kilobaiti themanini na nne. Sasa zilikuwa tisini na moja. Mtu mwingine angepita tu, lakini yeye hata vijiko huvipanga kwa urefu. Picha haili, haishibi, itaneneaje?

Duka la shangazi yake lilikodisha magauni ya harusi. Wateja walipokuwa wachache, picha zote za tovuti zilitoka kwenye seva moja, kompyuta ya kuhifadhia, iliyowekwa kabatini. Walipofika mamia, ikalemewa. "Tovuti yako inatembea kama bibi harusi aliyelazimishwa," shangazi alimwambia. Fundi akapunguza picha, kisha akasambaza nakala kwenye vituo vitano vya kompyuta katika miji ya mbali, ili kila mteja apewe na kituo kilicho karibu naye. Kila nakala ilikwenda na amri: ishike mwaka mzima, usirudi kuniuliza. Tangu hapo tovuti ilifunguka kufumba na kufumbua.

Akaifungua picha. Kitinda, mdogo wake wa mwisho, alisimama na gauni jeupe mbele ya chumba cha kujaribia nguo. Nyuma yake pazia lilikuwa wazi kidogo. Fundi alikumbuka kulifunga kwa mkono wake. Na katika ule uwazi palikuwa na kitu kirefu kuliko pazia.

Akaifungua tena. Kilikuwa kimeshatoka nje ya pazia.

Harufu ya nywele zilizoungua ikatoka kabatini, na feni ya seva, ambayo siku zote huvuma kama nyuki, ikaanza kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa, kama pumzi ya mtu aliyelala chali. Akaifuta picha kwenye seva. Akatazama tovuti kwenye simu yake. Picha bado ipo, na mkono mrefu umetua begani mwa Kitinda.

Simu ikaita mkononi.

"Dada," Kitinda alinong'ona kutoka nyumbani, "umemtuma mtu huku?"

"Sijamtuma. Uko na nani?"

"Peke yangu. Ndiyo maana nauliza. Kuna kitu kimenishika bega. Cha baridi. Kila baada ya muda kinakaza."

Fundi akatazama kumbukumbu za tovuti. Kila Kitinda aliponong'ona kwamba kimekaza tena, mteja fulani mahali fulani alikuwa ameifungua picha.

Kabla ya magharibi shangazi alimleta Kitinda dukani, midomo imepauka, pamoja na mganga, mama mfupi mwenye miwani.

"Nani aliisambaza?" mganga aliuliza.

"Mimi."

"Waliopokea uliwaambiaje?"

"Si watu, mama. Ni mitambo."

"Hata mitambo. Uliiambiaje?"

Fundi akaona haya. "Iishike mwaka mzima, isirudi kuniuliza."

Mganga akavua miwani. "Umempangisha jini nyumba tano, mwanangu, ukaapa hutapita kukagua."

"Mwaka mzima?" shangazi alisema kwa sauti ya chini.

"Binti hafiki huko. Ule mkono ukifika shingoni, basi. Mimi nitasoma. Wewe uliyetoa amri, itengue."

Akaanza kusoma, naye Fundi akaanza kutengua, kituo cha kwanza kikajibu imefutwa na Kitinda akasema kidole kimoja kimenyanyuka, cha pili, cha tatu, huku harufu ikizidi mpaka shangazi akaziba pua kwa kitenge, na feni ikivuta bila kutoa, ikivuta tu, kana kwamba ndani ya kabati kuna kifua kisicho na mwisho, cha nne kikajibu, na cha tano.

"Vidole vinne vimeondoka," Kitinda alisema. "Gumba bado."

"Vituo vimekwisha."

Hapo ndipo Fundi alipoelewa. Amri haikuishia vituoni. Kila simu iliyowahi kufungua picha ile ilipokea maneno yale yale, ikajiwekea nakala, nayo haitamuuliza mtu mwaka mzima. Kutoka dukani hakuna namna ya kuzifikia. Akasafisha simu yake, ya shangazi na ya Kitinda. Gumba halikusogea.

"Ni wangapi?" mganga aliuliza.

"Mia tatu na kumi na wawili. Wote waliandika majina na wanapokaa kwenye tovuti. Nitawapigia."

"Usithubutu. Ukiwaambia, wataifungua kwanza waone."

Jumatano, saa moja asubuhi, Fundi alibisha mlango wa kwanza na orodha kwapani. Akafungua mwalimu mmoja, mchumba wa mtu, simu mkononi.

"Wewe wa magauni? Nilikuwa naitazama ile picha yenu sasa hivi. Ila niambie, dada, anayeonyesha gauni ni yupi? Huyu mrefu aliye mbele, au huyu anayechungulia nyuma yake?"

"Naomba simu yako," Fundi alisema.

Akaifuta nakala akiwa amegeuza uso, akalikata jina la kwanza, akauelekea mlango wa pili akikimbia.