Dakika Tano za Mtunza Mtambo

Mtaani walimwita Dakika Tano. Ukimwomba ngazi, dakika tano. Ukimwambia chakula kinapoa, dakika tano. Mkewe alisema hata kuzaliwa alichelewa.

Asubuhi hiyo mkewe alipiga simu kutoka mji mwingine. Alikuwa amelazwa huko wiki tatu. Sasa amepona.

"Narudi na ndege inayofika saa tisa. Nyasi za mlangoni umekata?"

"Dakika tano tu."

"Nikikuta nyoka humo, mtaishi wawili."

Alicheka, akaenda kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kibanda chenye mlingoti mrefu, karibu na kiwanja cha ndege. Mtambo wa ndani ulituma mawimbi ya redio. Kwenye ndege kuna mshale unaoelekea mawimbi yanakotoka. Mawingu yakifunika kila kitu, rubani hufuata mshale huo.

Saa nane mvua ikashuka. Kilima kilicho nyuma ya kiwanja kikapotea chote. Radi ikapiga, na taa ya kijani juu ya mlango ikazimika. Mtambo umekufa.

Dakika Tano akafungua kifuniko, bisibisi mdomoni. Simu ya kuwapigia waongozaji wa ndege ilikuwa mezani. Hakuigusa. Alishapewa barua mbili za onyo kwa uzembe. Ya tatu ni kufukuzwa. Kwa nini ajichongee kwa sababu ya fyuzi?

Mlango ukasukumwa. Akaingia shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, amelowa chapachapa. Nyumba yake ilitazamana na kibanda. Kabla ya kustaafu, kazi yake ilikuwa kuzungumza na marubani kwa redio.

"Taa imezimika. Umewaambia?"

"Dakika tano, Shangazi. Nabadilisha fyuzi tu."

Shangazi akakaa juu ya ndoo.

"Baba yako, alipotunza mtambo huu, aliniambia hivyo hivyo."

Dakika Tano akatoa bisibisi mdomoni. Ile ndege iliyoanguka kilimani kila mtu aliijua. Miaka thelathini na moja iliyopita. Walikufa watu kumi na tisa. Watu walisema rubani alikuwa amelewa.

"Rubani hakulewa," Shangazi akasema. "Mvua ilikuwa kama hii. Nikamuuliza baba yako kama mtambo unafanya kazi. Akasema dakika tano. Nikamwamini kaka yangu. Sikumwambia rubani kitu."

"Halafu?"

"Mtambo ukizimika, mshale hautulii. Kukiwa na radi, unaweza kuifuata radi. Rubani akadhani unamwonyesha kwetu. Upepo nao ukawa unamsukuma pembeni. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, 'Nawakaribia.' Alikuwa anakikaribia kilima."

"Baba hakuwahi kusema."

"Ulimsikia akisema nini, wewe?"

Kweli. Baba alikula kimya, akalala kimya, akazikwa. Nyumbani walimwita mpole.

"Rubani angeambiwa, angefanya nini?"

"Angepanda juu ya mawingu, akageuza. Mafuta alikuwa nayo. Hakujua tu, mwanangu."

Saa ya ukutani ilionyesha nane na nusu. Dakika Tano akainua simu.

"Mtambo umezimika. Mwambieni rubani asiufuate."

"Utawaka baada ya muda gani?"

Akaangalia bisibisi.

"Sijui," akasema.

Ndege ikageuzwa. Wala haikuwa fyuzi. Waya mnene ulikuwa umeungua ndani, na kuubadilisha kulimchukua hadi kesho yake mchana.

Barua ya tatu ilikuja jioni hiyo. Aliifungua mbele ya Shangazi, kwa woga. Haikumfukuza. Iliagiza kila kibanda kibandike karatasi karibu na simu: Mtambo ukizimika, piga simu kwanza. Bisibisi baadaye.

Mkewe alifika siku ya pili kwa basi, kiuno kinamuuma. Alianza kulalamika tangu getini.

"Tumezungushwa angani, tukarudishwa tulikotoka. Nimelala kwenye benchi, mimi mgonjwa. Ni mjinga gani huyo aliyeshindwa na mtambo?"

Dakika Tano alibeba mfuko wake, akapita kwenye nyasi zilizokatwa, kimya kama baba yake.

"Mwambie basi," akanong'ona Shangazi, aliyekuwa amekuja kumpokea mgeni.

"Nitamwambia. Mwache kwanza alalamike."

Shangazi akageukia kilima. Mvua ilikuwa imekatika, na kilima chote kilionekana.

"Ndiyo," akasema. "Mwache. Wale kumi na tisa hawakuipata nafasi hiyo."