Kasuku Ana Jambo

Kila asubuhi Kasuku alifagia uani, akaosha vikombe, akabandika birika huku akiimba. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi seremala, kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Lakini tangu mdogo wake mchanga afariki, aliacha kuimba. Ukimuuliza, "Hujambo?" alijibu, "Sijambo," basi. Na saa ya kwenda shule ikifika, tumbo lilimsokota mpaka akajikunja kama jongoo.

Mama alimpeleka zahanati. Daktari alimpima, hakuona kitu. "Mpeleke kwa mshauri nasaha, chumba cha mwisho."

Mama alihamaki. "Mwanangu hana wazimu! Ni tumbo!"

"Sijasema ana wazimu, mama. Tumbo nimeshalipima. Sasa aulizwe kuhusu huzuni."

Mshauri zamani alikuwa muuguzi. Aliona watoto wakinywa dawa na kurudi na tumbo lile lile, akarudi darasani kusomea kusikiliza. Sasa alizitembelea familia nyumba kwa nyumba, na watu walimwita Bibi Maswali.

"Hujambo, mwanangu?" alimuuliza Kasuku walipoingia chumbani kwake.

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Lakini hapa kwangu 'sijambo' siipokei upesi. Sijambo ni kusema huna jambo. Nakuuliza tena: huna jambo kweli?"

Kasuku alitazama vidole vyake vya miguu. "Ninalo moja."

"Kubwa au dogo?"

"Linanishinda kubeba."

Mama alitaka kusema, Bibi Maswali akamzuia kwa kidole.

"Mdogo wangu alikuwa analia sana," Kasuku alisema. " Nikasema, 'Si arudi tu alikotoka!' Kesho yake akaugua." Machozi yalimtiririka. "Mimi ndiye niliyemrudisha."

Mama alijiziba mdomo. Nyumbani hakuna aliyethubutu kumtaja yule mtoto. Kitanda alichochongewa na baba kilifunikwa shuka, na habari zake zikafunikwa pia. "Kasuku bado mdogo, asiambiwe," walisema. Kumbe mdogo huyo alikuwa amejihukumu peke yake.

"Njoo hapa," mama alisema, akampakata kama zamani. "Aliugua mapafu. Maneno yako hayakumfanya lolote. Mimi mwenyewe si nilikuwa nasema, 'Huyu mtoto atanitoa roho'? Mbona ninayo?"

Kasuku alicheka huku analia.

"Mama," Bibi Maswali alisema, "mtoto ukimnyima habari, atajitungia yake, tena mbaya zaidi. Familia imara si ile isiyolia. Ni ile inayolia pamoja na kupangusana machozi."

Jioni baba alirudi na msumeno begani. "Hujambo, Kasuku?"

"Nina jambo, baba."

Baba alishangaa. Akatua msumeno, akaketi kizingitini. "Haya, nakusikiliza."

"Nataka tumtaje mdogo wangu."

Baba aliinuka. Kisha akaenda kwenye kile kitanda, akaivuta shuka polepole. Jioni hiyo walimtaja, wakalia, wakacheka walipokumbuka alivyopiga chafya.

Tumbo halikupona siku moja. Bibi Maswali alikuja mara kadhaa, na taratibu nyimbo zikarudi jikoni, mpaka baba akaomba walau anywe chai kwa amani. Siku hizi nyumba ile huuliza "hujambo" mara mbili: ya kwanza ya adabu, ya pili ya kweli. Na mama, akimwona jirani anamsifu mtoto wake kuwa mkimya, humshika mkono.

"Mwenzangu," humwambia, "usione mtoto kanyamaza ukadhani katulia. Muulize tena."