Kasha Tupu la Saa ya Rubani

Kasha lilikuwa tupu, na bado lilikuwa likigonga. Tik, tik, tik, saa nne asubuhi, juu ya meza ya fundi.

Alijua ni tupu kwa sababu mashine yake aliitoa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kufufua na kuuza saa za zamani za ndege za vita za Kijerumani, zile zilizofungwa mbele ya rubani, ambazo ukizitia ufunguo mara moja zinakwenda siku nane. Hii aliletewa na Mwalimu, bibi aliyemfundisha kusoma utotoni. Ilikuwa ya marehemu mumewe, na ilihitaji kusafishwa na kutiwa mafuta tu. Lakini fundi alikuwa na kasha jingine, zuri zaidi, na mnunuzi mwenye haraka. Akahamishia mashine humo, akaiuza kama saa isiyowahi kufunguliwa tangu kiwandani. Akamwambia Mwalimu, "Pole, imekufa. Haiponi." Bibi wa watu akalia, kisha akamshukuru. Loo, mtu mzima ovyo!

Mkewe aliingia na chai, akaishia mlangoni.

"Mume wangu," alinong'ona, "mbona kunanuka petroli?"

"Nasafishia vyuma."

"Na nywele zilizoungua, je?"

Kabla hajajibu, saa zote ukutani zilisimama kwa pamoja, likabaki kasha lile peke yake likigonga, na kiti cha wateja kikalia kama kimekaliwa na mtu mzito, na nyuma ya shingo ya fundi ikapita pumzi ya moto, nzito, ya mtu avutaye hewa kwa shida ndani ya barakoa, ikaingia, ikatoka, ikifuata mlio wa saa.

Mke akatoka mbio kumwita mganga, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi. Mganga akaja, akanusa, akasikiliza.

"Jini huyu alikuwa akikaa ndani ya mashine. Umemvunjia nyumba. Hataki ubani wala kuku. Anataka useme hapa, mbele ya mkeo, ulichomfanyia mwenye saa."

Fundi akamtazama mkewe, mwanamke aliyejisifu mtaa mzima kwamba mumewe hajui uongo. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Ni... nilichelewa tu kumrudishia."

Pap! Mlio ukakatika.

"Ametoka!" mke akashangilia.

"Sijasema ametoka," mganga alisema, akiokota mkoba wake. "Amehama."

Mchana ule fundi alijilaza, mkewe akamwegemea kifuani, akaruka. "Mbona moyo wako unagonga hivyo?" Tik, tik, tik.

Fundi akahesabu siku, maana alizijua saa hizi. Siku ya saba mlio ulianza kuchoka. Ya nane, akishika ukuta, alifika kwa Mwalimu. Alimkuta sebuleni na majirani watatu.

"Karibu, mwanangu! Sasa hivi tu nilikuwa nawaambia hawa, fundi mkweli kama wewe hayupo."

Akafungua kinywa. Alitaka kusema, jamani, alitaka kweli. Majirani wote wakamtazama kwa heshima, naye akashindwa.

"Nilikuwa napita tu, Mwalimu. Nimekuja kukujulia hali."

Tik... tik...

Mwalimu akainua kidole, uso wake ukachangamka.

"Hebu nyamazeni," akawaambia majirani. "Naisikia saa ya mume wangu."

Wakanyamaza wote. Ikagonga mara moja tena, ya mwisho.