Breki za Faustin

Mvua ya mawe ilikatika jioni na kuiacha barabara ya mlimani nyeupe pe. Siku nyingine Gatera, mwuza maziwa, angelala mapema. Lakini mkewe Libérata alikuwa ameshikwa na uchungu, na kituo cha afya kiko chini bondeni. Alishusha madumu, akafunga mto nyuma ya baiskeli, akampakia.

"Papa, hii kinga yako iko na fre kweli?" Libérata alimwuliza mumewe, akizitazama breki za baiskeli.

"Iko nazo. Nilitia za mupya juzi."

Hakusema alizitoa wapi. Kwenye kona kali ya chini kuna msalaba wa Faustin, mwuza maziwa mwenzake aliyeanguka pale na baiskeli yake. Huko kwao, viatu vya aliyefia barabarani huachwa palepale, ili mwenyewe asije kuvitafuta majumbani. Gatera, kwa ubahili wake, aliona mpira mzuri wa tairi ukiozea mvuani. Akazichukua kambambili za marehemu, ndala zilizochongwa kwa tairi, akazikatakata, akazitia kwenye breki.

Waliteremka. Breki ya mbele hakuigusa, maana kwenye barafu gurudumu la mbele likigoma, mmekwisha. Ya nyuma aliibana kidogo kidogo, mguu mmoja akiuburuza chini. Krrr... krrr... Barafu ilisagika chini ya tairi.

Kisha baiskeli ikashika kasi. Akabana. Akabana tena, kwa nguvu zote.

Breki hazikushika.

Kona ilikuwa inawajia, na chini ya kona ni korongo. Gatera aliogopa mpaka mkojo ukamtoka.

Mara, nyuma yao... papu, papu, papu. Miguu mitupu ikikimbia juu ya barafu. Na harufu ya mpira unaoungua, katika baridi ile!

Baiskeli ikasimama hatua moja tu kabla ya msalaba.

"Gatera," Libérata alinong'ona, "nani anashika kinga huku nyuma?"

"Usiangalie."

"Mikono yake iko baridi... Amenivula kambambili moja."

Gatera hakugeuka. Aliikokota baiskeli mpaka bondeni.

Mtoto alizaliwa salama. Mama yake alikuwa anavuja damu, na muuguzi akasema wangoje tu, waombe.

Kulipopambazuka Gatera alipanda tena hadi kwenye kona, vile vipande vya mpira mkononi, amrudishie mwenyewe. Barafu ilikuwa imeyeyuka. Chini ya msalaba, palepale alipoiba, kambambili ya Libérata ilikuwa imewekwa vizuri, imefutwa tope.

Akiiacha, amemhesabu mkewe na wafu. Akiichukua, amerudia kosa lilelile.

Alipiga magoti, akaviweka vipande vyake chini, akanyoosha mkono kwenye kambambili, akaurudisha. Akaunyoosha tena.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa muuguzi.