Mgongo wa Sahani za Plau

Jumanne, tarehe kumi na nane Machi 2025, ndiyo siku mambo yaliharibika. Mwalimu Joyline Chepkorir alikuwa amesimama nje ya duka pale Moiben, amevaa sweta ya zambarau aliyoifuma mwenyewe, simu mkononi, tabasamu usoni. Alikuwa anamtumia fundi wake, Austine Okeyo, pesa ya lori la kuleta dainosa shuleni. Akaandika ile namba aliyoijua kwa kichwa. Kabla pesa haijaenda, simu ikamwonyesha jina la mwenye laini, kama kawaida ya simu zetu, mtu asije akatuma kwa mtu asiyemjua.

Nanzala.

Joyline akasoma tena. Jina halikubadilika.

"Kumbe ako na bibi," akajiambia. Pesa akaituma vilevile, maana dainosa lilikuwa la watoto, halikuwa na makosa. Kisha akazima simu, akaiweka ndani kabisa ya mkoba, chini ya chaki.

Na mapenzi yenyewe yalikuwa yameanza kwa kelele. Ilikuwa Januari, shule zimefunguliwa, karakana za jua kali za karibu na mto Sosiani zimejaa nyundo, moshi na matusi. Joyline aliingia na gauni la kijani la mikunjo na raba nyeupe ambazo matope ya Eldoret yalizionea wivu papo hapo. Alikuwa na picha aliyoichapisha kwa karatasi.

"Nani hapa anaweza kunichomelea mfupa?"

Mafundi wakaangua kicheko. "Mwalimu, mfupa si hupelekwa kwa daktari?"

Okeyo peke yake ndiye aliyevua miwani yake myeusi. Alikuwa mrefu, kimya, shati limetobolewa na cheche, na hakuwa mtu wa kucheka. "Mfupa wa nini?"

"Wa mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wa huyu." Akamwonyesha picha.

Okeyo akaigeuza huku na huku. "Huyu twiga alikula mbolea gani? Hii yetu ya serikali haiwezi kumfikisha hapa."

"Si twiga, ni dainosa. Alitembea Tanzania, kule Lindi, kwa kilima kinaitwa Tendaguru, miaka milioni mia moja na hamsini iliyopita. Mfupa wake huu, kutoka bega hadi kiwiko, unakupita wewe."

"Unanipita mimi?"

"Simama vizuri nikuonyeshe." Joyline akanyanyuka kwa ncha za vidole, mkono ukapita juu ya kichwa cha fundi, harufu ya sabuni ikapita katikati ya harufu ya chuma kilichoungua. "Unaishia hapa."

Okeyo akatazama juu, mkono ule ulipoishia. Akajaribu kumwona mnyama wa kuubeba mfupa kama huo. Kifua kikamfunguka kama dirisha lililokaa miaka bila kuguswa. "Na huu ni mkono tu?"

"Mkono tu."

"Basi mwenyewe sasa ako wapi?"

"Berlin. Wajerumani walichimba zaidi ya miaka mia iliyopita. Watu wa Lindi wakabeba mifupa vichwani, wakatembea nayo siku nyingi mpaka baharini, ikapakiwa melini. Na hakuwa peke yake. Kuna mwingine alikuwa na miiba mgongoni hadi mkiani. Kuna mwingine mwepesi, mbio kama mkimbiaji wa Iten. Wote wa kilima kimoja."

"Na wakubwa walisema nini?"

"Wakubwa wa siku hizo walikuwa hao hao Wajerumani."

"Ahaa." Okeyo akarudisha miwani. "Kitu kizuri kikionekana tu, mkubwa anakibeba. Leta chuma, mwalimu. Huyu tutamrudisha."

Chuma kililetwa na wazazi wa Moiben, wakulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Sahani za plau zilizochakaa, zile za kulimia kwa trekta, zikatungwa kwenye bomba kama shanga, zikawa uti wa mgongo. Springi za trela zikakunjwa mbavu. Minyororo ya mashine ya kuvunia ikawa mkia. Na kila jioni, simu.

"Fundi, umekula?"

"Mimi nimekula. Ni mnyama wako ndiye analia njaa. Tafuta sahani zingine."

"Haki wewe! Shingo imefika wapi?"

"Imetoka nje ya banda. Jirani anauliza kama nitalipia kodi mara mbili. Lakini Jaber, hii picha walikosea. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma."

Jaber, yaani mrembo, kwa Kijaluo. Joyline alikuwa ameuliza maana yake kwa mwalimu mwenzake, akajifanya hajali.

"Hawakukosea. Ndivyo alivyo."

"Kama fisi?"

"Usimtukane. Huyo ndiye mpenzi wangu."

"Na mimi?"

"Wewe ni wa pili."

Okeyo akacheka, yeye ambaye jua kali nzima ilikuwa imesahau meno yake yanafanana vipi. Kwa sababu miaka mitatu nyuma Okeyo alikuwa na mke. Nanzala aliugua tumbo, akapelekwa hospitali ambayo mashine yake mpya ya kupiga picha ilikuwa bado imefungwa plastiki, ikingoja mkubwa aje akate utepe. Mkubwa alikuja Nanzala akiwa ameshazikwa. Okeyo alimwona kwenye televisheni ya hoteli, anakata, anapigiwa makofi. Tangu siku hiyo hakumzungumzia mkewe kwa mtu yeyote, maana akianza, ilikuwa hasira inamalizia hadithi. Hata Joyline hakuambiwa.

Basi simu ya Joyline ilipozimwa, Okeyo alipiga hadi kidole kikachoka. Njambi, mama wa chai wa pale jua kali, akamtazama akizungushia chai kijiko na sukari hajatia.

"Mwalimu amekosana na wewe?"

"Sijui. Alinitumia pesa ya lori, halafu kimya."

Njambi akaweka birika chini. "Alikutumia kwa simu? Kwa laini ile?"

Kijiko kikasimama.

"Okeyo. Ulimwambia juu ya Nanzala?"

"Hakuuliza."

"Atauliza aje kitu hajui kama kiko? Wewe nenda Moiben. Na usiende na maneno, maneno huna. Nenda na mnyama."

Alienda na mnyama. Ijumaa asubuhi lori liliingia kiwanja cha shule, likiwa na miguu, mbavu na mkia, na shingo imekatwa vipande ili isiguse nyaya za stima njiani. Okeyo hakuuliza mwalimu yuko wapi. Alichomelea, akafunga bolti, akapanda, akashuka. Alasiri, trekta ya mzazi mmoja ikavuta kamba, na shingo ikaanza kuinuka.

Ikainuka juu ya lango. Ikapita paa la madarasa. Ikapita mti wa msonobari, na bado ilikuwa inaenda. Shule yote ilitoka nje. Hakuna aliyepiga kelele, na watoto wale ni watu wa kelele. Mwalimu mkuu alivua kofia bila kujua. Mwanamke aliyekuwa akipeleka maziwa alisimamisha punda barabarani, akabaki mdomo wazi. Kivuli kikaanzia mlango wa ofisi kikaishia malishoni, na ng'ombe wakahama wakakipisha.

Joyline alikuwa mlangoni mwa darasa, kitambaa cha njano kichwani, chaki vidoleni. Alikuwa amefundisha mnyama huyu miaka yote kwa karatasi. Machozi yakamtoka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Alipokumbuka, akatembea mpaka chini ya mbavu.

"Nanzala ni nani?"

"Ni mke wangu," akasema Okeyo.

"Asante kwa kusema ukweli. Mimi siwezi kuwa bibi wa pili, Austine. Nilisema wa pili kwa utani."

"Alikufa, Jaber."

Joyline akashika ubavu wa chuma.

"Laini ilikuwa yake. Nilienda kuibadilisha iwe na jina langu. Wakataka karatasi ya kifo, nikaleta. Wakasema muhuri. Mwenye muhuri ako semina. Nikazungushwa mpaka nikachoka. Halafu nikaona kitu. Kila mtu akinitumia pesa, jina lake linatokea. Watu hawakumjua hata, wanamsoma. Wakubwa walimwacha akafa, kisha wakasahau kumfuta. Nikasema, basi wacha wasahau."

Upepo wa kutoka mashambani ukapita. Joyline akapangusa uso kwa mkono, chaki ikabaki shavuni.

"Ungeniambia."

"Ningeanza wapi?"

"Kwa jina. Mengine ningeyasikia polepole." Akatazama mguu wa mbele, mrefu kuliko wa nyuma, kama alivyoagiza. "Simu yako iko na nafasi ya laini ngapi?"

"Mbili."

"Na ya pili iko na nini?"

"Vumbi."

"Basi nunua laini ya jina lako, uweke hapo. Ya Nanzala usiitoe. Mimi nitakupigia kwa hiyo yako."

Okeyo akapiga goti kwenye nyasi. Hakuwa na pete. Alikuwa na nati ya chuma, ameisugua usiku kucha kwa mawazo hadi ikang'aa. "Na nyumbani kwenu, watamkubali Mjaluo na mnyama wake?"

"Mnyama wameshamkubali," akasema Joyline, akanyoosha kidole. "Wewe utajitetea."

Nati ilikuwa kubwa. Akaivaa kidole gumba.

Ndipo upepo ukaja wa nguvu. Sahani za plau mgongoni zikagongana kidogo, kisha zikaanza kuvuma, sauti nzito, ndefu, iliyoingia miguuni kupitia ardhini. Watoto wakarudi nyuma. Okeyo akaweka kiganja chake kwenye chuma, akahisi kinatetemeka kama kitu kilicho hai.

"Ndivyo alivyokuwa akilia?"

"Hakuna anayejua," Joyline akasema. "Mifupa ilibaki. Sauti haikubaki."

Wakasimama mkono kwa mkono, wakimtazama kiumbe yule hadi juu, shingo ilikopotelea kwenye mwanga wa jua. Mnyama mkubwa hivyo, katika nchi kubwa hivyo, siku aliyompoteza mwenzake, alimwita kwa sauti gani?