Filamu Aliyoitafsiri Twaha

Twaha haoni haya tena kuungama: alidanganya watu. Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakirudi kutoka Tanzania kwa malori, yeye alitafsiri filamu kwa kipaza sauti katika chumba cha video pale Gitega, na Kiingereza hakukijua hata chembe. Alibuni. Mabwege wakalipa, wakacheka.

Alasiri moja ikawekwa filamu ya mchezo. Watu wamekaa mezani. Mwanamume mmoja anataja majina; anayetajwa ameshindwa, na maafa yanamfuata hadi nyumbani. Twaha alibahatisha kwa kutazama picha tu.

"Ndugu, hakusema hivyo," akanena Elikana, mkulima wa Itaba aliyerudi majuzi. "Kiingereza nimekisoma kambini."

"Kumbe tuko na profesa! Kaa chini, we mukimbizi. Sikilizeni: aliyeshindwa anaitwa Elikana!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Jina langu usilichezee. Nina watoto," Elikana akasema, akatoka.

Ndipo ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Twaha akafungua mdomo, na sauti yake ikatoka kwenye spika kabla hajasema neno.

"Mpumbavu huyu ananilisha maneno tangu asubuhi, na nyinyi mifugo mnameza, basi leo nataja mimi, na aliyeshindwa ni Zuena binti Twaha, yuko Muyinga kwa bibi yake, amekaa mkekani, anachambua maharage, mguu mmoja ameukunja, na sasa hivi ameinua kichwa kwa sababu ameniona mlangoni."

Yule mtu wa kwenye filamu hakuwatazama wachezaji wenzake, alimtazama Twaha. Twaha akazima jenereta, picha ikafa, sauti ikaendelea kucheka.

Simu ikalia. Mama yake, Kadidja, alinong'ona, "Twaha, mutoto iko anaongea Kizungu. Na sauti ya mwanaume. Kuja mbiyo."

Huko Muyinga Shehe Zuberi alimsomea mtoto dua ya kutoa jini siku tatu. Siku ya nne jini likamjibu kwa Kiswahili, kwa kinywa cha mtoto, midomo imepasuka kwa kiu:

"Nimeshasema ninachotaka ili nitoke. Nimekisema mara mia. Si baba yake ni mtafsiri? Mwambie atafsiri!"

Likarudia Kiingereza chake, polepole, kama linamfundisha mbumbumbu. Twaha alilia tu.

Alfajiri alikuwa Itaba, amepiga magoti kwenye tope la shamba la watu.

"Elikana, kaka yangu, mi sijui kile jini inasema. Mutoto hanywi maji. Twende Muyinga, umusikilize."